Mwili Ulinisisimka

Kwa miaka kumi na sita Ndeshi Mosha alikuwa akitafsiri nyaraka za watu, na hakuna mteja aliyewahi kurudi ofisini kwake Kimandolu kulalamikia neno. Walirudi kulalamikia tarehe, herufi iliyokosewa kwenye jina, muhuri uliofifia. Kwa hiyo Hanna Pallangyo alipoingia asubuhi moja ya Jumanne akiwa na karatasi mbili mkononi, Ndeshi alimwonyesha kiti, akafungua droo ya mihuri bila hata kuuliza.

"Sitaki muhuri," Hanna alisema. "Nataka unisomee hapa."

Hanna alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na tano hivi, na aliongea taratibu kama mtu aliyejiapiza njiani kwamba hatapandisha sauti. Karatasi ya kwanza aliyoiweka mezani ilikuwa maelezo ya mama yake, Kaanaeli, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na mtendaji wa kijiji na kutiwa dole gumba. Ya pili ilikuwa tafsiri ya maelezo hayo kwa Kiingereza. Chini yake kulikuwa na muhuri wa Ndeshi, na sahihi yake, na tamko lake la kawaida kwamba tafsiri ni ya kweli na kamili.

Katika kila karatasi kulikuwa na sentensi moja iliyopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Ya Kiswahili ilisema: "Nilipouona ule ufa juu ya ukuta wa machimbo, mwili ulinisisimka, nikaenda kumwambia msimamizi."

Ya Kiingereza ilisema kwamba Kaanaeli alipouona ufa alikuwa "excited". Ni neno ambalo Mwingereza hulitumia kwa mtoto anayesubiri Krismasi, au kwa shabiki ambaye timu yake imefunga bao.

Ndeshi aliisoma mara mbili. Masikio yake yakaanza kupata moto.

"Mimi Kiingereza changu ni cha darasani tu," Hanna alisema. "Lakini hilo neno nawafundisha watoto wa darasa la tano. Sasa niambie, dada. Mama yangu alifurahi kuona mlima unataka kumwangukia mwanawe?"

Ndeshi aliutazama muhuri wake chini ya karatasi. Aliikumbuka kazi ile. Ilikuja mwezi Februari, faili la kurasa themanini na nne kutoka kwa wakili wa kampuni ya machimbo, nayo ilitakiwa Jumatatu. Alikuwa ameimalizia Jumamosi mchana, nyumba imejaa wageni, kwa sababu kesho yake mpwa wake Princess alikuwa anapata kipaimara. Alikumbuka sufuria, simu, watu wakiuliza viti viko wapi, na vidole vyake vikikimbia kwenye kompyuta. Alichojaribu kukikumbuka ni kama alisita hata kidogo alipolifikia lile neno. Hakuwa amesita.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Juu ya kijiji cha akina Hanna, kwenye miteremko ya mlima Meru, kampuni moja ilikuwa ikichimba moramu, udongo wa changarawe, kwa ajili ya ujenzi wa barabara. Mwezi Januari ukuta wa machimbo uliporomoka saa sita mchana ukawafukia vijana wawili waliokuwa wakipakia lori. Mmoja aliitwa Lemburis. Mwingine alikuwa Elinami, mdogo wake Hanna, mtoto wa mwisho wa Kaanaeli. Kaanaeli alikuwa na kawaida ya kuwapelekea wapakiaji loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, kwenye ndoo, na asubuhi ile, karibu saa tatu, aliuona ufa juu ya ukuta. Alisema alimwambia msimamizi, mtu aitwaye Rodrick. Rodrick alisema hakuambiwa kitu na mtu yeyote.

Kampuni na wanakijiji walikubaliana kuunda kamati ya watu watatu ichunguze. Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, Mzee Ephraimu. Wa pili alikuwa mtaalamu wa miamba kutoka Dodoma, na wa tatu mhandisi Mwingereza asiyejua Kiswahili, ambaye kwa ajili yake kila karatasi ilitafsiriwa. Kamati ingeamua kama machimbo yafungwe, au yaendelee kuchimbwa kuelekea upande wa nyumba za watu, kama kampuni ilivyotaka. Wakili wa kampuni, Prosper, alikuwa ameshaiandikia kamati akisema: shahidi mwenyewe anakiri aliuona ufa akachangamka, je, huyo ni mtu aliyekwenda kutoa tahadhari?

"Kikao cha mwisho ni lini?" Ndeshi aliuliza.

"Ijumaa."

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii."

Ndeshi aliinuka. "Kosa ni langu. Nitalirekebisha mimi mwenyewe. Lakini kwanza nataka kumwona mama."

Hanna alizikusanya karatasi zake. "Mama hataki kukuona," alisema. "Lakini twende."

Kabla hawajatoka, Ludovick aliingia. Alikuwa kaka yake Ndeshi, na ndiye aliyekuwa akizunguka mjini kuitafutia ofisi kazi. Alisikiliza akiwa amesimama, funguo mkononi, kisha akamvuta Ndeshi pembeni.

"Andika barua fupi," alimwambia. "Sema ni kosa la uchapaji. Yaishe."

"Halikuwa kosa la uchapaji. Nilichagua neno, nikakosea."

"Ndeshi, nusu ya kazi zetu zinatoka kwa Prosper. Ukienda kusimama mbele ya jaji useme tafsiri yako haikuwa sahihi, nani atauamini tena muhuri wetu?"

"Na nisipokwenda," Ndeshi alisema, "mimi mwenyewe nitauamini vipi?"

Ludovick alitikisa kichwa akatoka bila kuaga.

*

Walikwenda kwa gari dogo la Ndeshi hadi lami ilipoishia, wakamalizia kwa miguu kati ya migomba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na njia ilikuwa tope jekundu. Kaanaeli walimkuta nyuma ya nyumba akikata majani ya ng'ombe. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na saba, mfupi, mwenye mabega mapana, amejifunga kitenge juu ya sweta la kijivu.

"Shikamoo, mama," Ndeshi alisema.

"Marahaba." Kaanaeli hakuacha kukata. Hanna alimweleza kwa Kimeru mgeni ni nani. Mundu ukasimama.

"Ndiye wewe uliyeandika kwamba nilifurahi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Una watoto?"

"Ninao wawili."

Kaanaeli aliyafunga majani yale mzigo mmoja, akaufunga wa pili, akauburuta hadi bandani. Ndeshi alibaki amesimama kwenye tope. Alitaka kuomba msamaha, lakini kila sentensi iliyomjia ilikuwa nyepesi, akaimeza. Mwishowe yule mama alirudi akaketi juu ya kigogo.

"Kiswahili si lugha ya mama yangu," alisema. "Nimejifunza shuleni, miaka minne tu, na kanisani. Lakini yule mtendaji aliponiuliza, nilimwambia kwa Kiswahili ili isipotee njiani. Nilisema mara moja. Mlipewa, mkaipoteza."

"Ni kweli."

"Sasa unataka niseme tena?"

"Nataka uniambie ulihisi nini, mama, ili nisibahatishe. Nimeshabahatisha mara moja."

Kaanaeli aliuweka mundu chini. Kisha akavuta mkono wa sweta hadi juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono wake.

"Niliweka ndoo chini," alisema. "Nikainua macho nione Elinami yuko wapi. Juu ya ukuta nikaona mstari. Jana yake haukuwepo. Ulikuwa mweusi, na vumbi linatoka ndani yake kidogo kidogo, kama mtu anapumua. Hapo hapo nikahisi hapa." Alipitisha kiganja juu ya mkono, kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kiwiko. "Vinywele vyote vikasimama. Vya mikono, vya shingo, hata vya kichwa ndani ya kilemba. Jua lilikuwa kali na mimi nasikia baridi. Nikamfuata yule Rodrick, najisugua mikono hivi, naona kama siyo yangu. Nikamwambia: watoe watoto pale, ukuta umefunguka. Akacheka."

Alipokuwa akisema hayo, Ndeshi aliuona ule mkono. Ngozi yake, iliyokunjamana na kuchubuliwa na majani, ilikuwa imetutumka vipele vidogo vidogo, na vinywele vichache vya kijivu vilikuwa vimesimama wima.

"Umeona?" Kaanaeli alisema. "Mpaka leo nikisema, mwili unasisimka wenyewe. Hiyo ndiyo nilisema. Kama Wazungu hawana neno la hiyo, basi waambie hawana. Lakini usinipe la kwako."

Ndeshi alisema, "Nitalitafuta, mama. Na Ijumaa nitasimama niliseme mbele yao."

"Tutaona," Kaanaeli alisema, akashusha mkono wa sweta.

*

Jumatano Ndeshi alifunga ofisi akaenda Makumira, kwenye maktaba ya chuo alikosoma shahada yake. Kamusi ndogo alizokuwa nazo hazikumtosha. Alitaka zile kubwa zinazoeleza neno lilizaliwa wapi na lilipita kwa nani kabla ya kufika lilipo.

Alianza na "fear", akaliacha. Hilo lilikuwa hofu ya kila namna, hata ya mtihani. Akapita kwenye "terror", akaona asili yake ni kumtia mtu hofu mpaka akimbie, na Kaanaeli hakukimbia, alimfuata msimamizi. Akafika kwenye "horror". Alikuwa amelitumia neno hilo maisha yake yote, na kwa wanawe lilikuwa jina la filamu za mizimu wanazokatazwa kuangalia. Alisoma kidole kikifuata mstari.

Neno hilo, kamusi ilisema, Waingereza walilipokea kupitia Kifaransa, nacho Kifaransa kililitoa kwenye Kilatini. Katika Kilatini lilikuwa kitenzi, "horrere", na maana yake ya kwanza haikuwa hofu kabisa. Ilikuwa kusimama wima. Ilisemwa juu ya nywele zinaposimama, na juu ya masuke ya ngano shambani, na juu ya manyoya ya mnyama anapoona adui. Kisha ikawa kutetemeka kwa ngozi kama mtu aliyeshikwa na baridi. Mwisho kabisa, baada ya mwendo mrefu, ndipo lilipokuwa jina la kile kinachompata mtu ndani.

Ndeshi aliegemea kiti. Warumi wale, ambao hawakuwahi kuuona Meru wala kuonja loshoro, walikuwa wamelitazama jambo lile lile na kulianzia palepale alipolianzia Kaanaeli: kwenye ngozi. Katika Kiingereza cha leo ngozi ilikuwa imesahauliwa, likabaki neno la mabango ya sinema. Kiswahili hakikuwa kimesahau. Yeye ndiye aliyesahau, yeye aliyezaliwa ndani yake.

Alinakili kila kitu, akaomba kurasa zitolewe nakala. Kisha, kwa kuwa hakujiamini tena, alikaa pale pale na faili lote la kurasa themanini na nne akaanza kulilinganisha upya, mstari kwa mstari. Alipata makosa mengine mawili madogo, akayaandika. Na kwenye ukurasa wa sitini na moja, katika maelezo ya Rodrick, alipata kitu kingine ambacho hakikuwa kosa. Alikuwa amekitafsiri vizuri kabisa bila kuelewa alichokuwa anakisoma.

*

Ijumaa kamati ilikaa kwenye ukumbi wa kukodi katikati ya mji. Wanakijiji walijaa nyuma. Kaanaeli aliketi mstari wa pili na Hanna, mikono imefunikwa na kitenge. Rodrick, mtu mrefu mwenye koti la kampuni, aliketi upande wa pili karibu na wakili.

Ndeshi aliapishwa, akasema kosa lake kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, bila kulizungusha. Prosper alisimama akiwa na tabasamu la upole. Walikuwa wakifahamiana, na mara nyingi wakili huyo alikuwa amempigia Ndeshi simu kumshukuru kwa kazi nzuri.

"Dada Ndeshi, tarehe kumi Februari uliapa kwamba tafsiri hii ni ya kweli na kamili. Leo unaapa kwamba si ya kweli. Tukuamini siku ipi?"

"Leo. Siku ile nilifanya haraka."

"Umekutana na shahidi wiki hii?"

"Nimekutana naye Jumanne, nyumbani kwake."

Minong'ono ikapita ukumbini. Prosper akageuka kwa kamati kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Kwa hiyo shahidi amekuambia uandike nini."

"Hapana. Ameniambia alisema nini. Kuandika ni kazi yangu."

"Nina kamusi hapa. Inasema 'sisimka' ni 'be excited'. Kamusi inadanganya?"

"Haidanganyi. Mwili unasisimka kwa furaha, na unasisimka kwa kuona kifo. Vinywele vinasimama vile vile. Aliyesimama mbele ya bendi ya harusi amesisimka, na aliyesimama mbele ya ukuta unaopasuka amesisimka. Mimi sikuangalia amesimama mbele ya nini."

Mhandisi Mwingereza, aliyekuwa akisikiliza kupitia mkalimani wa kamati, aliinua kalamu. Aliuliza kwa Kiingereza: basi neno sahihi ni lipi?

Ndeshi alimjibu kwa lugha yake kwamba ni "horror". Alipoona uso wa yule mhandisi unakunjamana kidogo, kama mtu aliyeletewa neno kubwa kuliko haja, alimpelekea zile nakala za kamusi na kumweleza neno lake lilikotoka: nywele, masuke, ngozi iliyoshikwa na baridi. "Bibi yule hakutumia neno la kupamba," alisema. "Alitaja kilichotokea mwilini mwake. Kama neno lenu limechoka, andikeni kama alivyosema: nywele zilinisimama."

Mhandisi alisoma kwa muda mrefu. Kisha akalisema lile neno la Kilatini kimya kimya, midomo ikichezacheza.

"Hata hivyo," Prosper alisema, "kuogopa si kutoa tahadhari. Bwana Rodrick anasema hakumwona huyu mama asubuhi ile."

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Ndeshi alisema, "naomba ukurasa wa sitini na moja usomwe. Huo sikuukosea."

Mzee Ephraimu alivaa miwani yake akafunua. Alisoma kwa sauti, polepole, maneno ya Rodrick mwenyewe, mahali alipokuwa akijibu swali kuhusu wachuuzi wanaoingia machimboni: "Hao akina mama huwa tunawafukuza. Hata siku ile kuna mmoja alinijia asubuhi anajisugua mikono, nikamwambia kama anasikia baridi akavae sweta."

Jaji aliiweka karatasi chini akavua miwani.

"Bwana Rodrick. Ilikuwa Januari. Kulikuwa na baridi?"

Rodrick alisimama. Alimtazama wakili wake, na wakili alikuwa akitazama meza.

"Hapana, mheshimiwa. Kulikuwa na jua."

"Huyo mama alikuwa nani?"

Kaanaeli alikuwa ameinua uso. Hakunyoosha kidole. Alifunua tu kitenge na kuweka mikono yake juu ya magoti, waziwazi. Rodrick aliiona, na ilikuwa kama mabega yake yamekatwa kamba.

"Ni yeye," alisema. "Aliniambia ukuta umefunguka. Nilikuwa na malori sita yanasubiri. Nilisema nitaangalia saa saba, wakati wa chakula." Akakaa kabla hajaruhusiwa. "Nilisema saa saba."

Hanna alianza kulia. Mama yake alimshika mkono, lakini yeye mwenyewe hakulia. Alikuwa akimtazama Rodrick kwa macho makavu, kama mtu anayehesabu saa kutoka tatu hadi sita.

*

Kamati ilitoa taarifa yake mwezi uliofuata. Machimbo yalifungwa, na kampuni ikaagizwa kuukata ukuta uliobaki uwe mteremko. Ndani ya taarifa hiyo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, iliandikwa kwamba tahadhari ilitolewa saa tatu asubuhi na Kaanaeli Pallangyo, na kwamba haikusikilizwa.

Ofisi ya Prosper haikuleta kazi tena. Wateja wengine wawili wakubwa waliondoka nao. Ludovick alikaa wiki tatu bila kusema na dada yake zaidi ya salamu, kisha asubuhi moja akamwekea mezani cheti cha kuzaliwa cha mtu na barua ya hospitali. "Mwenyewe amesema anataka yule dada aliyesimama mbele ya jaji," alisema, akavuta kiti akakaa.

Ndeshi aliisoma barua ile yote kabla hajawasha kompyuta. Kulikuwa na neno moja la maumivu ambalo hakuwa na hakika nalo. Akachukua simu akampigia mgonjwa.

Mwezi Mei, mvua zikiwa zimeshika, wanakijiji walipanda miti kwenye mteremko wa machimbo ya zamani, miche waliyoifuata kwenye kitalu cha miti cha Olmotonyi. Hanna alimpigia Ndeshi amjulishe, naye akaja na buti na jembe la kuazima. Kaanaeli alikuwa pale, akiwapangia watu mistari. Alimwona, akamkabidhi mche.

"Shimo lako fupi hilo," alimwambia baada ya muda. "Chimba. Mizizi ikute udongo wa chini."

Ndeshi alivua koti lake akaanza upya.